Harusi Iliyoanza kwa Saa ya Kadi

Mjukuu wangu alipopata kazi aliniambia kazi yake ni kutunza saa. Nikamuuliza saa za nani. Akasema za watu wote duniani. Nikaendelea kuchambua maharagwe yangu. Vijana wa siku hizi wakipata kazi ya kompyuta hawawezi kukueleza wanafanya nini, hata uwashike masikio.

Tulikuwa tunaishi Burat, kaunti ya Isiolo, mimi na yeye, kwenye nyumba ya mabati niliyoijenga kwa pesa ya mkaa niliouza miaka mingi kando ya barabara kule Ngaremara. Mama yake ni binti yangu wa pekee. Alikwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi moja ya Waarabu msichana akiwa bado anavaa sare ya shule ya msingi. Nchi yenyewe sitaitaja, kwa sababu bado anafanya kazi huko na mimi sitaki maneno. Tangu aende hajarudi. Pesa ilikuwa inarudi, yeye harudi. Basi huyu msichana nikamlea mimi. Nikamsomesha, nikamchapa palipohitaji kuchapwa, na kaunti ilipokuja na stima na mtandao ukafika mpaka kwetu, yeye akawa mtu wa kwanza kwenye laini yetu ya nyumba kuamka asubuhi na kwenda kazini bila kutoka nje ya mlango.

Siku moja nilimpelekea chai nikamkuta anapiga herufi kwa hasira.

"Unagombana na nani?"

"Sigombani, shosho. Kuna mtu ng'ambo anasema nchi fulani itasogeza saa mwezi ujao. Nimemwambia alete karatasi ya serikali."

"Kusogeza saa? Kuipeleka wapi?"

Ndipo aliponieleza, na mimi nikajikuta nimekaa kitandani kwake na kikombe mkononi, chai yake nainywa mwenyewe. Alisema kuna nchi ambazo serikali husimama ikaamuru kwamba usiku fulani saa zote zirushwe mbele saa nzima. Mtu analala saa nne, anaamka, anaambiwa ni saa moja, kumbe mwili wake unajua ni saa kumi na mbili. Halafu baada ya miezi kadhaa wanazirudisha.

"Na watu wanakubali?"

"Wanakubali."

"Na jua?"

"Jua haliulizwi, shosho."

Nilishtuka kabisa. Sisi hapa jua likichomoza ni asubuhi, ukihesabu saa moja ni saa moja, na likizama ni hivyo hivyo, mwaka mzima, kiangazi na mvua. Sikujua kama kuna mtu ana mamlaka ya kugusa jambo hilo. Serikali ninaijua. Imegusa ardhi yetu, imegusa mifugo yetu, imegusa hata mipaka ya wadi. Lakini saa?

"Hata hapa ilishafanyika," akasema, bila kuinua macho. "Wakati wa wakoloni. Walisogeza robo saa, wakasogeza nusu saa, wakarudisha, mpaka wakatulia hapa tulipo."

"Hapa Kenya?"

"Hapa Kenya."

Mama yangu aliishi wakati huo. Alikuwa anachunga mbuzi. Hakuna mtu aliyemwambia chochote, na mbuzi pia hawakuambiwa. Nilimwangalia mjukuu wangu nikifikiri ananitania, lakini uso wake haukuwa wa utani.

Kazi yake basi ilikuwa hiyo. Kampuni iliyomwajiri inapangia watu wa nchi mbalimbali mikutano ya simu, na ikikosea saa, watu wanakosana. Kwa hivyo yeye na wenzake wanafuatilia serikali. Kuna orodha moja kubwa ya saa za dunia nzima, inatunzwa na watu waliotawanyika huku na huku, wengine bila mshahara, na simu zetu zote zinachota huko. Hilo nalo lilinipiga. Mimi nilidhani simu inajua saa yenyewe, kama jogoo. Kumbe inaambiwa. Na kama serikali imetangaza leo kwamba inasogeza saa kesho, habari haifiki kwenye simu zote kwa wakati, na simu inakudanganya na huku inakuangalia usoni.

Ndiyo maana walikuwa wakali juu ya karatasi. Mwaka fulani serikali moja ilitangaza kusogeza saa, watu wakabadilisha orodha haraka, na siku chache kabla ya tarehe serikali hiyo ikasema tumeghairi. Mjukuu wangu alitukanwa na watu asiowajua kwa lugha asizozijua. Tangu hapo hata umwambie nini, anasema, "Karatasi iko wapi?"

Sasa nije kwenye harusi.

Alichumbiwa na kijana fundi wa stima kutoka Gotu, kijana mwenye adabu, sina neno juu yake. Harusi ikapangwa Jumamosi, kanisa letu la hapa Burat. Mama yake hakuweza kuja. Mkataba haukumruhusu, na tajiri wake, yule mama mwenye nyumba, alimwambia akiondoka asirudi. Binti yangu alimbembeleza wiki tatu. Mwishowe akapewa saa moja. Siku ya harusi, kuanzia saa tatu asubuhi ya kwao hadi saa nne, angeruhusiwa kukaa chumba cha kupigia pasi na simu yake, atazame binti yake akiolewa. Saa nne wageni wa mchana wanaanza kuandaliwa, na hapo awe jikoni.

Kwao walikuwa nyuma yetu kwa saa moja. Saa tatu yake ni saa nne yetu. Tukapanga viapo viwe saa nne na kidogo.

Lakini kwenye kadi tuliandika saa tatu. Wa hapa kwetu anaelewa. Kadi ya harusi haiandikwi saa ya kweli, kwa sababu hakuna anayekuja saa ya kwenye kadi. Kamati inatoa saa moja, wakati mwingine mbili, ili watu wakichelewa wafike kwa wakati. Na watu wanajua kamati imetoa, kwa hivyo wanaongeza tena. Mimi nilimwambia mwenyekiti wa kamati hiyo ni kudanganya mchana kweupe. Akanijibu, "Mama, ni kupanga."

Jumanne ya wiki hiyo nilikwenda mjini kununua leso za wakwe. Ninanunua kwa mama mmoja Msomali ambaye kijana wake anafanya biashara nchi hiyo hiyo aliko binti yangu. Tulisalimiana, akaniulizia harusi, nikamwambia binti yangu ataitazama kwa simu saa tatu ya huko.

"Haye, mama," akasema, "saa tatu gani? Ya zamani au ya mpya?"

"Kuna mpya?"

"Kijana wangu amenipigia jana. Anasema serikali yao inasogeza saa Alhamisi usiku. Miaka yote hii hawakuwa wanasogeza, sasa wameamka nalo tu. Wallahi watu wamechanganyikiwa huko."

Niliziacha leso juu ya meza yake. Nilirudi Burat nikiongea peke yangu njiani.

Mjukuu wangu alikuwa kwenye kompyuta ingawa alikuwa amepewa likizo ya harusi. Nikamwambia. Akasema ameshasikia.

"Umesikia na umekaa?"

"Ni uvumi, shosho. Gazeti moja limeandika hivi, lingine vile. Karatasi ya serikali haijatoka."

"Mama wa leso ameambiwa na kijana wake mwenyewe."

"Kijana wake si serikali."

Nilimwangalia huyu mtoto niliyemfunza kufunga kamba za viatu. "Yaani mtu yuko kule, anaona kwa macho yake, na wewe uko Burat unasema hapana?"

"Haoni kitu bado. Ni Jumanne. Nikibadilisha kwa maneno ya dukani na waghairi, nimekosesha watu wote. Nikipata karatasi nabadilisha dakika hiyo hiyo."

Nilitoka nikaufunga mlango kwa nguvu.

Karatasi ilitoka Alhamisi mchana. Alhamisi hiyo hiyo, na saa zinasogezwa usiku wake! Mjukuu wangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki uani, msusi amemshika kichwa, upande mmoja umesukwa na mwingine umesimama kama kichaka. Simu ikalia. Akasoma. Akainuka na kichwa chake vile vile, msusi akamfuata ndani na kitana mkononi, na nikamsikia akipiga herufi kama mvua ya mawe kwenye mabati. Alikuwa anawaandikia wateja wao, wenzake, wale wa orodha kubwa. Kila mara anasema, "Sawa, imeingia. Sawa, hao pia wamejua." Nilisimama mlangoni. Nilisubiri aseme jambo lile ambalo mimi nilikuwa nimelifikiria tangu Jumanne. Hakulisema.

"Na mama yako?" nikauliza.

Mikono yake ikasimama juu ya kompyuta.

"Saa tatu ya kwao sasa ni saa ngapi hapa?"

Aligeuka. Sijawahi kumuona na uso ule, hata alipokuwa mdogo na homa. "Ni saa tatu," akasema. "Shosho, ni saa tatu. Saa yetu na yao sasa ni sawa."

Yaani saa aliyopewa mama yake sasa imeitangulia harusi. Binti yangu angekaa chumba cha pasi akitazama viti vitupu, na sisi tukifika madhabahuni yeye yuko jikoni anamenya vitunguu. Mtoto alikuwa ametengeneza saa za watu wote duniani mchana ule mmoja, na ya kwake imempita mbele ya pua.

Tukampigia mama yake. Alikwenda kumuuliza tajiri wake hapo hapo, tukasubiri kwenye simu, tukasikia milango. Akarudi anaongea kwa sauti ya chini.

"Amesema alisema saa tatu, na ni saa tatu. Ati kama serikali imesogeza, nikaiulize serikali. Mama, msijisumbue. Mtanitumia picha."

"Picha ya nini?" nikamwambia. "Wewe kaa chumba hicho saa tatu. Utaona harusi."

Nilikata simu kabla hajaniuliza namna gani, kwa sababu sikujua.

Mjukuu wangu alikuwa analia. Msusi naye alikuwa analia, sijui yeye alikuwa anamlilia nani. Nikawaambia wanyamaze wanipe kadi moja. Nikaishika mbali na macho, nikasoma herufi moja moja. Saa tatu asubuhi. Kamati ilikuwa imedanganya, na ule uongo sasa ndio ulikuwa saa tuliyoitaka. Kilichobaki ni watu wa Isiolo kuja harusini saa iliyoandikwa kwenye kadi.

Nilianza na mchungaji. Nilimkuta nyumbani kwake analisha kuku.

"Kesho kutwa tunaanza saa tatu," nikamwambia.

"Ndiyo, mama. Nimeona kwenye kadi." Akacheka.

"Usicheke. Saa tatu ya saa tatu."

Akaacha kumwaga mahindi. "Mama, kuna tatizo gani? Bwana harusi anatoroka?"

Nilipomweleza, akasema, "Serikali imesogeza saa wakati wa harusi yetu?" Kana kwamba walitutazama sisi. "Lakini saa tatu mimi huwa bado nakunywa chai."

"Chai utainywa kanisani. Nitaileta mwenyewe."

Mjomba wa bwana harusi nilimpigia Ijumaa asubuhi. Huyo ndiye kichwa cha upande wao.

"Usijali, mama yetu," akasema. "Kadi imesema saa tatu, kwa hivyo saa tano tuko hapo bila kukosa."

"Kadi imesema saa tatu na mimi nimesema saa tatu."

"Aii. Kwani mmekasirika? Ni ile ng'ombe moja ya mahari iliyobaki?"

"Hakuna aliyetaja ng'ombe. Mleteni kijana leo jioni alale Burat. Na wewe ulale hapa. Nimechinja."

Hilo la kuchinja ndilo lilimleta. Jioni walifika watu sita na bwana harusi, nikawalaza kwa kiongozi wa kwaya, na asubuhi nikawaamsha kwa kugonga mlango na mwiko.

Mwenyekiti wa kamati ndiye aliyenisumbua. "Na mheshimiwa?" akaniuliza. Kulikuwa na mwanasiasa mmoja wa kaunti aliyeahidi kuja na mchango, na hapa kwetu tangu kaunti zije harusi haianzi kabla gari la mheshimiwa halijaonekana. "Tukianza bila yeye atachukulia vibaya."

"Yeye ndiye anayeolewa?"

"Hapana, lakini..."

"Basi."

Jumamosi nilifungua kanisa mimi mwenyewe. Ukumbi mtupu, mapambo upande mmoja tu, kwa sababu wapambaji walijua kadi kama watu wengine wote. Kulikuwa na mchungaji na chupa yangu ya chai, kwaya nusu, wageni wa Gotu wakisinzia, mama wa leso aliyekuja asubuhi na mapema na buibui yake mpya akakaa mstari wa mbele karibu na mlango, na watoto wa jirani waliofuata harufu ya pilau. Mpiga video hakuwepo. Tukaifunga simu kwa kipande cha leso kwenye stendi ya maikrofoni. Bibi harusi aliingia na kichwa chake kimesukwa upande mmoja, ule mwingine tumeuficha chini ya shela, kwa sababu msusi naye alipanga kumalizia "kabla watu hawajafika".

Saa tatu simu ikalia. Sikuamini ingelia. Uso wa binti yangu ukatokea katikati ya mashati yaliyotundikwa, meupe, mengi, kama umati wa watu wasio na vichwa. Alikuwa amevaa gauni la kanisani chini ya aproni yake.

"Mama," akasema, "mbona hakuna watu?"

"Wako njiani. Tazama mbele."

Mchungaji akafungua Biblia na kuanza mahali anapoanzaga, mbali sana, kwenye uumbaji. Nikavumilia kidogo. Alipofika gharika nikasimama.

"Mchungaji, Nuhu tutamkuta baada ya chakula."

Wakwe walishtuka. Mama wa leso akaziba mdomo kwa mtandio wake. Mchungaji akanitazama, akatazama simu, akafunga kitabu kwa upole na kuwaita maharusi mbele.

Tulikuwa tumekubaliana kwamba atakapouliza nani anamtoa binti huyu, nitajibu mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemlea. Nilikuwa nimeshainuka na kuweka sawa kitambaa changu. Akauliza.

"Mimi!" ikasema simu, kwa nguvu, hata maikrofoni iliyokuwa karibu nayo ikapiga kelele. "Mimi mama yake."

Kanisa zima likageuka. Nilibaki nimesimama na mdomo wazi, na neno langu limekwisha kusemwa na mwingine. Sikulirudia. Nilikaa. Mjukuu wangu alikuwa ameziba mdomo kwa maua, na yule kijana fundi wa stima, mtu mzima, machozi yanamdondokea kwenye tai.

Walikula kiapo. Walivishana pete. Binti yangu alivuta shati moja kutoka kwenye mstari akajifuta uso nalo, shati la tajiri wake. Kisha tukasikia mlango huko kwake, na mtu akiita. Akatuangalia wote mara moja, haraka haraka, kama mtu anayehesabu mbuzi zizini. Simu ikazima.

Wageni walianza kufika kwaya ikiwa inakusanya vitabu. Sijawahi kuona watu wameshangaa hivyo. Walisimama mlangoni na zawadi zao wakitutazama sisi tunakula. "Imeisha?" "Imeisha namna gani?" Mwanamke mmoja aliniuliza kama kuna msiba. Mheshimiwa alifika saa sita na nusu, gari limejaa vumbi, akashuka akiwa ameshapanga tabasamu.

"Mmeanza bila mimi, mama?"

"Kadi yako imeandika saa ngapi?"

Aliitoa mfukoni akaisoma. Akaigeuza nyuma, labda kulikuwa na maelezo mengine. Hakukuwa na mengine. Nikampa sahani.

Jumapili jioni binti yangu alipiga simu kama kawaida yake ya kila Jumapili. Nyumba ilikuwa kimya, msichana ameshakwenda Gotu na kompyuta yake. Hatukuongea mengi. Aliniuliza nani alimsuka mtoto vibaya vile upande ule ulioonekana shela iliposogea. Kisha akauliza, "Mama, huko sasa ni saa ngapi?"

Nikatazama nje. "Saa kumi na mbili. Jua linaingia."

"Hata hapa ni saa kumi na mbili," akasema. "Miaka yote hii nilikuwa naongeza saa moja nikitaka kujua mnafanya nini."

Nikavuta kiti nikakaa mlangoni.

"Watairudisha lini?" nikamuuliza.

"Sijui. Watasema siku yenyewe."

"Wakisema," nikamwambia, "waulize karatasi iko wapi."